Jogoo Asiyepanda Ngazi

Ilianza Jumanne, saa nne kasorobo ya asubuhi, uwanjani mbele ya maduka ya Garsen, kwa neno moja lililotoka kinywani mwangu. Siku na saa nazijua kwa sababu niliziandika jioni ile ile katika daftari langu, na daftari ninalo mpaka leo, mgongo umeliwa na mchwa lakini kurasa zinasomeka. Mwaka ulikuwa 1957. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la nane katika shule ya bweni ya wasichana, nimerudi nyumbani kungoja nafasi ya sekondari, na ukanda mzima ule wa mto wasichana wa namna yangu tulikuwa wawili au watatu. Hilo halikunipa ujasiri wowote. Nilikuwa na haya kiasi kwamba mtu mzima akinisalimu nilimjibu nikitazama vidole vya miguu yake.

Sikupanga kuandika sura hii. Mwezi uliopita nilikwenda Tarasaa kwenye hitima ya Mzee Buya, aliyekuwa bwana mifugo wetu zamani hizo. Wanawake tulikaa mikekani upande wa jikoni, tunachagua mchele, na kule mbele kipaza sauti kikawa kinapita mkono kwa mkono. Mtu wa kwanza akasema, "Marehemu ndiye aliyetufundisha sisi watu wa mto kufuga kuku." Nilidhani sikusikia vizuri. Wa pili akaongeza kwamba kabla yake mama zetu walikuwa wanafuga hivi hivi tu, bila maarifa. Na wale niliokaa nao, wajukuu wa wanawake ninaotaka kuwataja hapa, wakaitikia kwa vichwa huku wanapepeta. Binti wa kaka yangu akaninong'oneza, "Shangazi, wewe ulimjua. Nenda nawe ukaseme neno." Nikamwambia magoti yananiuma. Magoti hayakuwa yananiuma. Nilikuwa na hasira ya miaka sitini na kitu, na nilijua nikifungua mdomo nitaharibu hitima ya watu. Maiti aombewe, sina ugomvi na dua. Lakini mama yangu naye ni marehemu, na sijasikia mtu hata mmoja akishika kipaza sauti kumsemea habari ya kuku.

Basi nianze na kizimba chake. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa mto, chini kidogo ya Garsen, mahali ambapo maji yakipanda hayabishi hodi. Kizimba kilisimama uani juu ya nguzo sita za mkoma, sakafu yake ikinifika kifuani, na kuku walipanda kwa gogo lililochongwa vidato. Urefu ule haukuwa wa kubahatisha. Kwenye nguzo ya pembeni Mama alikuwa amekata alama kwa panga, alama moja kwa kila gharika aliyoiona tangu aolewe, na sakafu ilikuwa shubiri mbili juu ya alama ya juu kuliko zote. Alfajiri alifungua yeye, mimi nimeshika bakuli la pumba za mpunga. Kila mtetea aliyeshuka alimdaka, akampapasa kwa kidole chini ya mkia, akatoa hukumu: "Huyu leo. Huyu kesho. Huyu mwongo, siku ya nne leo anakalia kiota, anatufanyia maigizo." Mwenye yai alirudishwa ndani asije akatagia vichakani na kenge akafaidi. Kisha mimi nilikwenda na jembe dogo kuchimba mchwa wa vifaranga, nikafungulia wana-mbuzi waliolala chini ya tenga, nikanyunyiza jivu kiotani kwa ajili ya utitiri. Jikoni, karibu na mafiga, hakukosekana kuku wa kuatamia kwenye kikapu kibovu, na Mama alizungumza naye huku anakuna nazi, kama mtu anavyozungumza na jirani mzazi. Hiyo ndiyo kazi niliyoikuta nyumbani, na naona haya kusema kwamba wakati ule niliiona si kazi ya msomi. Nilichimba mchwa nikiwa nimekunja uso.

Jogoo wake alikuwa kuchi, miguu mirefu, shingo nyekundu, aliyeletwa na dada yake kwa mtumbwi kutoka Kau angali kifaranga. Jioni alisimama chini ya gogo mpaka mitetea yote ipande, ndipo naye akaruka, vidato viwili kwa mpigo. Halako, mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa nasi tukimpa mahindi na ndizi, alikuwa akisimama na vibuyu vyake kumtazama. Kwao kuku haliwi wala hafugwi, na alitucheka bila kuficha. "Nyinyi watu hapana haya," alisema. "Unachunga ndege kama ng'ombe. Lakini hii mwanamume yenu, hii, nasema kweli, inatembea vizuri."

Jumanne ile lori lilileta matenga ya majogoo wa kizungu, wekundu, wanene. Bwana Buya, kijana bado, kaptura ya kaki imepigwa pasi na soksi mpaka magotini, akapanda juu ya kasha na karatasi mkononi. Akigeuza mgongo, watu walimwita Bwana Kuku. Alitaka kumwinua jogoo mmoja juu watu wamwone, mikono miwili ikahitajika, akaangaza akaniona, akasema, "Wewe binti msomi, hebu nishikie hii." Nikaishika. Na mwenye haya akipewa karatasi mbele ya watu atafanya nini, ila kuinamia? Nikaisoma yote. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja wa taipu. Ilisema mfugaji akipenda anaweza kubadilisha jogoo wake kwa jogoo wa serikali. Ilisema asilazimishwe mtu. Ilisema majogoo hawa ni wazito na hawaruki, kwa hiyo wasipelekwe mahali panapofikiwa na maji ya mto.

Na juu ya kasha, wakati ule ule ninasoma, Bwana Buya alikuwa anasema, "Hii ni amri. Kila nyumba yenye kuku, jogoo mmoja. Yule wenu wa kienyeji achinjwe leo leo. Na vile vizimba vyenu vya kupanda kwa ngazi kama minara, vishuke, kimo cha goti. Jogoo wa serikali si nyani."

Wanaume wakacheka. Kutoka upande wetu Bibi Mwanaisha, jirani yetu, mwanamke mzee ambaye mdomo wake haukumwogopa mtu, akauliza, "Na mto nao umepewa amri hiyo?" Wakacheka zaidi, na mtu akamwambia anyamaze asiwaaibishe. Bwana Buya akatabasamu. "Bibi, mto umo katika karatasi. Wataalamu wameupima. Huyu hapa mtoto wenu, ameisoma yote, nimemwona. Si ndivyo, binti?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Namkumbuka baba yangu amejinyoosha kwa fahari. Nikasema, "Ndivyo."

Nimelisema neno hilo peke yangu mara nyingi tangu siku hiyo, jikoni kwangu, kitandani, kwa sauti tofauti, nijue lingewezaje kutoka jingine. Watu walionipenda wamenifariji: ulikuwa mtoto, ulikuwa na haya. Haya ilikuwepo. Lakini daftari halinifichi, na ukurasa wa jioni ile umeandikwa pia kwamba shule ya sekondari ilitaka barua ya kunisifu kutoka kwa mtumishi wa serikali, na Bwana Buya alikuwa amemwahidi Baba kwamba ataiandika. Niliitaka barua ile kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Kwa hiyo nisizidishe kumlaumu Buya ili mimi nipone. Ila pia sitajilaumu mimi ili yeye apone, maana hilo ndilo wanawake tulilofundishwa kulifanya tangu tunyanyuke kutoka mkekani: mtu mzima mwenye kaptura ya serikali anadanganya uwanja mzima, kisha lawama inamtafuta msichana aliyeshika karatasi. Yeye alijua kusoma kunishinda. Lori halikutakiwa kurudi na majogoo, na alitaka ripoti yake iseme wameisha. Karatasi akaisahau mikononi mwangu. Nikaikunja nikaiweka ndani ya daftari.

Nyumbani Mama aliniuliza mara moja tu, ameshika mwiko. "Karatasi yasema hivyo, mwanangu?"

"Yasema hivyo, Mama."

Hakuuliza tena. Yeye hakujua kusoma, na aliamini kwamba kusoma ndiko kulikoniondoa mikononi mwake miaka yote ile, basi lazima kuna faida yake. Alimkamata kuchi wake mwenyewe, akamshika mabawa, Baba akachinja. Tulimla kwa wali na mchuzi wa nazi. Mama alisema jino linamsumbua, akala wali mkavu. Mimi nilipewa paja. Siku ya tatu Baba akaja na msumeno wa kuazima. Mama akamwomba aiache walau nguzo ile yenye alama. Baba akasema, "Nguzo moja ndefu, tano fupi, kuku watalala au watateleza?" akacheka mwenyewe, akazikata zote sita. Vipande vya juu vikawa kuni. Nyumba zote kumi na saba za kijiji chetu, yetu ikiwemo, zilifanya hivyo hivyo ndani ya juma moja, na mimi nilikuwa nikipita njiani nasikia misumeno.

Sitamsingizia yule jogoo. Alikuwa mpole, na hakuomba kuletwa. Lakini hakuweza hata kidato kimoja. Kabla kizimba hakijakatwa tulimbeba jioni mbili kumpandisha, mimi miguu, Mama kifua, anahema kama mzee aliyepanda mlima. Mbuzi walimtisha. Jua la saa sita lilimlaza kando ya mtungi wa maji, mdomo wazi. Halako alikuja na maziwa yake akamzunguka pande zote. "Mama Rukia, hii ni kuku ama ni ndama?" Mama akamwambia ni kuku wa serikali. Halako akacheka mpaka akashusha kibuyu. "Ndiyo! Serikali ni nzito! Sasa nani nabeba hii kupanda kwa bibi yake? Wewe?" Nikakimbilia ndani kwa aibu, na nikiwa ndani nikamsikia Mama anacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumanne ile. Lakini Halako aliporudi siku chache baadaye hakuwa na mzaha. Alisema hatatuletea maziwa tena kwa muda. Ng'ombe wanahamishwa, watakwenda bara, mbali na mto. "Huko juu mvua imepiga kubwa. Maji inakuja." Akakitazama kizimba kilichokaa chini kama sanduku. "Nani amekata hii mguu?" Mama akajibu, "Amri." Halako hakujua neno lile, au alijifanya hajui. Alitikisa kichwa akaondoka. Mama akamwambia Baba, kizimba kiinuliwe. Baba akasema tungoje, Bwana Buya anapita kukagua mwisho wa mwezi, tusije tukaonekana wakaidi. Na mimi nilikuwa hapo, nachambua mboga, na karatasi iko ndani ya daftari, na daftari liko chini ya mto wangu wa kulalia, hatua kumi kutoka nilipokaa. Nilichambua mboga.

Maji yalikuja Alhamisi, kwa adhana ya alfajiri, bila sauti. Mama alishusha miguu kitandani akakanyaga maji. Mbuzi Baba alikuwa amekwisha kuwafunga juu ya kichuguu tangu jana yake, maana mbuzi walikuwa mali yake. Kuku ndio waliongoja amri. Mama alikwenda uani, maji yakimfika mapajani, mimi nyuma yake, na kizimba hakikuonekana ila mgongo wa paa lake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa sababu ya fungo, mnyama anayewinda kuku usiku. Niliufunga mimi, vizuri, mafundo mawili. Mama akaipapasa kamba chini ya maji, hakuweza kuifungua, akaikata kwa kisu. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wanaelea, mabawa yamefunguka. Ishirini na tatu. Jogoo wa serikali alikuwa wa mwisho, chini kabisa. Mama alimshika kila mtetea, na kwa mazoea ya mkono, sijui hata kama mwenyewe alijua anachofanya, akampapasa kwa kidole chini ya mkia. "Huyu alikuwa leo," akasema. "Huyu leo. Huyu kesho." Hata nyama haikuwa nyama, ilikuwa mizoga. Tuliwaachia mto.

Siku ya saba, maji yameanza kushuka, Bwana Buya akaja kwa mtumbwi wa kupigiwa kasia. Hakushuka, matope yalikuwa mengi na soksi zilikuwa nyeupe. Alisimama ndani ya mtumbwi, wanaume wamesimama ukingoni, wanawake nyuma yao. Akauliza nyumba kwa nyumba jogoo yuko wapi, akaandika. Kisha akasema, na maneno haya niliyaandika kabla hayajapoa, "Nitaripoti nini mimi? Serikali imewapa mbegu bora, mmeitia majini. Huu ni uzembe wa akina mama. Mwanamke analala mpaka maji yanamwamsha, atajua kufuga?"

"Wanawake hawa," mmoja wa wazee akasema, na wengine wakaguna kukubali. Baba yangu akaguna nao. Nilimsikia. Bibi Mwanaisha akasema kwa sauti, "Mwanamume gani hapa aliamshwa na kitu kingine?" lakini hakuna aliyegeuka. Mtumbwi ulipokuwa unasukumwa, Bwana Buya akaniona, uso ukamlainika kabisa. "Binti, barua yako nimekwisha kuiandika. Nzuri sana. Kesho asubuhi njoo ofisini uichukue."

Hilo ndilo nililolikumbuka pale Tarasaa, wakati kipaza sauti kinamsifu. Hakuwa katili. Alinitakia mema kwa moyo wake wote, asubuhi ile ile aliyomwita mama yangu mzembe mbele ya mumewe.

Jioni, baada ya magharibi, Mama alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga nje ya jiko. Uani palikuwa kimya, kimya cha uani pasipo na kuku. Akasema, si kwangu hasa, "Labda ni kweli. Ningeamka mapema kidogo. Nilisikia kama maji, nikasema ni upepo." Akaendelea kusugua. "Karatasi yao haikukosea, ni sisi tu hatukujua kuishika."

Ningeweza kuvumilia kumsikia akimtukana Buya. Kumsikia akijitukana sikuweza. Nikaenda nikaleta daftari, nikaitoa karatasi, nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akipenda. Asilazimishwe. Wasipelekwe panapofikiwa na maji. Nilipomaliza akawa ameacha kusugua.

"Ulijua lini haya?"

"Siku ile ile, Mama. Pale uwanjani."

"Kabla jogoo wangu hajachinjwa."

"Kabla."

"Na mchuzi wake ukala."

"Nikala."

Nilianza kulia. Nilingoja anipige, na Mungu anisamehe, nilitaka anipige, tumalizane. Hakunigusa. Alisuuza sufuria, akaifunika juu ya kichanja cha vyombo, akajipangusa mikono kwa kanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Usinililie mimi," akasema. "Mimi ni nyumba moja. Wako kumi na sita wamelala leo wanadhani wameua kuku wao wenyewe." Kisha akaingia ndani.

Asubuhi yake niliamka, nikaoga, nikavaa gauni langu la shule, lile la safari. Baba aliniona akanitakia heri ya ofisini. Nikafika njia panda. Kulia kwenda Garsen kwenye barua, kushoto ni kijiji. Nikashika kushoto. Sikwenda barazani kwa wazee, hilo nisijisifie, nisingeliweza. Nilikwenda jikoni. Niliingia jiko la Bibi Mwanaisha, akiwa anapuliza moto wa kuni mbichi, na nikamwambia, nikitazama vidole vya miguu yake, kwamba nilisema uongo uwanjani na nimekuja kusoma karatasi kama ilivyoandikwa. Nilitazamia anifokee. Alipangusa macho yaliyojaa moshi, akasema, "Soma." Nikasoma. Nilipofika pale pa asilazimishwe mtu, akanyoosha mkono wake wenye unga akanishika kiganja.

"Nionyeshe. Hapo pako wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Haka?" akasema. "Kadogo hivi?"

Nikamwambia ndiko. Akanisukumia kigoda, akamwita mkwewe kutoka uani aache kazi aje asikie, akamtuma mtoto kwa jirani wa upande wa pili, kisha akakaa chini akakunja mikono. "Anza tena," akaniambia. "Tangu juu. Na upaze sauti."